Reli na Madaraja Yake

Hotuba iliyosomwa mbele ya waumini, vijana na wageni waalikwa katika hadhara ya maadhimisho ya hekalu



Nawashukuru kwa heshima mliyonipa ya kuzungumza nanyi katika siku hii kubwa. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi ni mgeni katika imani yenu, lakini si mgeni katika historia yenu, kwa sababu historia hiyo ni sehemu ya historia ya nchi hii. Kamati ya maandalizi iliniomba nieleze jinsi ujio wa reli ulivyobadili jamii na maisha ya kila siku. Nimeona vyema nizungumzie reli moja tu, ile iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 na kufika kwenye Ziwa Viktoria, mahali panapoitwa leo Kisumu, mwezi Desemba mwaka 1901. Wakoloni waliiita Reli ya Uganda, ingawa ilichukua miaka 30 zaidi kabla reli hiyo haijafika Kampala.

Katika lugha ya Kiswahili neno “daraja” lina maana mbili. Maana ya kwanza ni kile kijengwacho juu ya mto ili watu wavuke. Maana ya pili ni cheo, ngazi, au tabaka linalomweka mtu mmoja juu na mwingine chini. Reli ya Uganda ilijenga madaraja ya aina zote mbili. Iliwavusha watu kutoka upande mmoja wa dunia yao hadi mwingine, na papo hapo ikawapanga kwa ngazi. Hayo ndiyo nitakayoyaeleza.

Tuanze na hali ilivyokuwa kabla ya reli. Bidhaa zilizotoka pwani kwenda bara zilibebwa juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Wanyama wa kubeba mizigo walikufa kwa sababu ya mbung’o, na pale ambapo mbung’o hakuwapo, sotoka ya miaka ya 1890 iliwafagia ng’ombe. Msafara wa kutoka Mombasa hadi ziwani ulichukua majuma mengi, na si wote walioondoka waliorudi. Kitu chochote kilichokuwa kizito na cha bei nafuu, kama nafaka, hakikuwa na njia ya kusafiri mbali kwa faida. Ndiyo maana pembe za ndovu zilisafiri na mahindi hayakusafiri.

Reli ilikuja kuvunja mpaka huo. Safari ya majuma ikawa safari ya siku mbili tatu. Lakini kabla ya kusifu matunda yake, yatupasa kuwataja waliolima shamba.

Serikali ya Uingereza iliamua kuleta wafanyakazi kutoka Bara Hindi, ambako reli ya kwanza ya abiria ilikuwa imezinduliwa mwaka 1853 kati ya Bombay na Thane, na ambako mwishoni mwa karne hiyo walikuwapo mafundi wengi waliojua kazi ya kutandika reli, kufua chuma, kuchonga mawe na kuendesha injini. Watu karibu 32,000 waliletwa kwa mikataba. Wengi wao walitoka Punjab: Waislamu, Wasikh na Wahindu. Walivuka maji ambayo mila za baadhi yao ziliwakataza kuyavuka. Wakapita nyika ya Taru, ambako maji ya kunywa yaliletwa kwa gari kutoka nyuma. Wakafika Tsavo, ambako mwaka 1898 simba wawili waliwanyakua watu mahemani mwao hadi kazi ikasimama. Habari ya simba hao imesimuliwa mara nyingi, na simba wenyewe wamekaushwa na kuwekwa katika jumba la makumbusho huko Chicago. Lakini malaria, kuhara damu na vidonda viliua watu wengi kuliko simba. Wafanyakazi karibu 2,500 kutoka Bara Hindi walikufa katika njia yenye urefu wa maili 580 hivi. Tukigawanya, tutaona kwamba kila maili moja ilidai roho nne. Simba wana jumba lao na kibandiko chenye maelezo. Wengi katika hawa 2,500 hawana hata jiwe.

Mara nyingi katika sherehe za jumuiya zenu husikika msemo huu: “Wazee wetu ndio waliojenga reli.” Ni msemo wa fahari, na una ukweli ndani yake. Hata hivyo unahitaji kukamilishwa kwa mambo mawili.

La kwanza ni kwamba wengi wa wafanyakazi wale walirudi kwao baada ya mikataba kwisha. Waliobaki walikuwa karibu 6,700. Familia nyingi zilizojenga mahekalu, shule na maduka ya Afrika ya Mashariki zilitokana na watu waliokuja kwa nauli zao wenyewe, hasa kutoka Gujarat, Kutch na Punjab, wakifuata nafasi ambazo reli ilifungua. Walikuwa makarani, wachuuzi, waashi, maseremala na wakuu wa stesheni. Na hata hao walikuwa na waliowatangulia. Kabla ya reli kufikiriwa, wafanyabiashara wa Kihindu walikwisha kuzoea pepo za kaskazi na kusi. Katika karne ya 19 nyumba ya biashara ya Jairam Shivji ndiyo iliyokusanya ushuru wa forodha wa Zanzibar kwa niaba ya Sultani. Kwa hiyo mizizi yenu katika ardhi hii ni ya zamani kuliko reli.

La pili ni kwamba Wahindi hawakuijenga reli peke yao. Waafrika walifyeka vichaka, walichimba udongo, walibeba maji na mataruma, walionyesha njia, na waliuza chakula kwa kambi zilizokuwa na njaa. Wengine walifanya hivyo katika miaka ambayo Ukambani na nchi ya Wakikuyu zilikuwa katika ukame, njaa na ndui. Simba wa Tsavo nao hawakubagua. Waliwala Waafrika pia. Hesabu ya Wahindi waliokufa iliandikwa kwa sababu walikuwa na mikataba, na mkataba hudai daftari. Waafrika wengi hawakuwa na mkataba, na hesabu yao haikuwekwa kwa uangalifu huo. Kutokuandikwa kwa mtu si dalili kwamba hakuwapo.

Ndugu zangu, reli ilipokwisha kutandikwa, maisha ya kila siku yalianza kubadilika kwa namna ambazo leo tumezizoea hata hatuzioni.

Kwanza, ilibadili maana ya wakati. Mswahili alihesabu saa kuanzia kuchomoza kwa jua, na mkulima alipima siku kwa kivuli na kwa kazi. Gari la moshi lilikuja na ratiba iliyopigwa chapa na saa iliyotundikwa ukutani mwa stesheni. Halikumngoja mzee wala mwenye cheo. Hapo ndipo watu wengi walipoanza kujua kwamba dakika ni kitu cha kuhesabiwa. Hata hivyo hatukuiacha saa yetu. Mpaka leo tunaisoma ratiba ya kizungu na kuitafsiri kimoyomoyo, kwamba saa saba ya ratiba ni saa moja asubuhi. Ni mfano mdogo wa jinsi watu wanavyokipokea kitu kigeni bila kujitupa wenyewe.

Pili, ilibadili chakula. Mchele na unga wa ngano vilivyoletwa kwa ajili ya kambi za reli vilifuata njia ya reli na kubaki. Chai na sukari vikaingia vijijini. Viazi na kabichi za nyanda za juu zikateremka pwani, samaki wa ziwani wakapanda hadi Nairobi, na nazi na maembe ya Mombasa yakafika kwa watu ambao hawajawahi kuiona bahari. Chapati, ambayo mfanyakazi wa reli aliipika juu ya bati kando ya hema lake, leo ni chakula cha sikukuu katika nyumba za Wakikuyu, Wajaluo na Waluhya. Mama anayeisukuma asubuhi ya Krismasi haulizi imetoka wapi. Kwake ni chakula cha kwao, na ana haki ya kusema hivyo.

Tatu, ilibadili lugha. Kwenye stesheni walikutana Mpunjabi, Mgujarati, Mkamba, Mjaluo, Mnyamwezi na Mswahili wa pwani, na kila mmoja alitaka kuelewana na mwenziwe. Kiswahili kilipanda gari la moshi na kwenda bara. Na hilo neno “gari” lenyewe ni zawadi kutoka Bara Hindi, sawa na “pesa”, “gunia”, “bima”, “bepari” na “karakana”. Baadhi ya maneno hayo yalifika kwa majahazi zamani, kabla ya reli, lakini reli iliyatia magurudumu. Leo mtu hawezi kwenda sokoni, benki au kwenye gereji bila kutumia maneno mliyotuletea, na ninyi hamwezi kuagiza kitu jikoni kwenu bila kutumia maneno tuliyowapa.

Nne, ilibadili makazi. Nairobi palikuwa mahali pa majimaji ambapo Wamaasai walinywesha mifugo na kupaita kwa jina la maji baridi. Reli ilifika hapo mwaka 1899, na wahandisi wakapachagua kuwa kituo kikuu kabla ya kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa. Kituo kikawa karakana, karakana ikawa soko, soko likawa mji, na baada ya miaka michache mji huo ukaipokonya Mombasa makao makuu ya utawala. Voi, Makindu, Nakuru na Kisumu ilikua kwa njia hiyohiyo. Palipo na stesheni paliota duka, na palipo na duka paliota pesa. Rupia, ambayo ndiyo iliyokuwa fedha rasmi, iliingia katika mifuko ya watu ambao awali walibadilishana mbuzi kwa nafaka. Tajiri Allidina Visram, aliyetoka Kutch akiwa kijana, alieneza maduka na matawi yake kutoka pwani hadi ndani ya Uganda. Nyuma yake walifuata wenye maduka wadogo, mtu na mkewe, waliofungua duka la mabati mahali ambapo hapakuwa na jirani wa lugha yao hata mmoja.

Hilo ndilo daraja la kwanza, daraja la kuvuka. Sasa niseme juu ya lile la pili.

Reli haikupita katika nchi tupu. Ilipita katika malisho, mashamba na makaburi ya watu. Ilikuwa imegharimu zaidi ya pauni milioni 5, na watawala walitaka fedha hizo zirudi. Wakaamua kwamba gari litajilipa likipata mizigo, na mizigo itapatikana wakija walowezi wa Kizungu kulima kando ya njia. Kwa mkataba wa mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa katika malisho yao ya Bonde la Ufa yaliyokuwa karibu na reli. Wanandi walipigana kwa miaka kadhaa. Waliziona nyaya za simu na vyuma vya reli kuwa ni vitu vilivyowekwa katika nchi yao bila idhini yao, wakavichukua na kuvifua. Mwezi Oktoba mwaka 1905 kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliuawa katika mkutano ulioitishwa kuwa wa mazungumzo ya amani, na baada yake watu wake wengi wakahamishwa mbali na njia ya gari. Kisha kodi ya nyumba ikawalazimisha wanaume kuacha vijiji vyao na kutafuta rupia za mshahara. Reli iliyoleta unga na chumvi ndiyo iliyowabeba vibarua hao kwenda mashambani na mijini, huku mashamba ya nyumbani yakiachwa mikononi mwa wanawake.

Na ndani ya gari lenyewe watu walipangwa. Daraja la kwanza likawa la Wazungu, la pili likawa la Wahindi, la tatu likawa la Waafrika. Miji ikajengwa kwa mfano wa gari hilo: vilima kwa watu wa behewa la mbele, mitaa ya biashara kwa watu wa behewa la kati, na vibanda vya mashariki kwa watu wa behewa la nyuma. Shule zikafuata, hospitali zikafuata, hata makaburi yakafuata.

Mtu wa behewa la kati alikuwa katika hali ngumu kuieleza. Aliye mbele alimdharau, akamzuia asimiliki ardhi katika nyanda za juu. Yeye naye, mara nyingine, alimdharau aliye nyuma. Mwafrika aliyekuja dukani alimwona Mhindi kuwa ndiye mwenye mizani, na kumbe mwenye kuweka bei ya dunia alikuwa hamwoni. Kutoaminiana kulikozaliwa mbele ya kaunta hiyo kuliishi muda mrefu kuliko ukoloni. Nasema haya nikijua niko mbele ya watu wenye heshima, na nayasema kwa sababu ya heshima hiyo.

Msomi mmoja wa dini na siasa anayetajwa mara nyingi katika nyumba zenu aliyaona mambo haya mapema. Mohandas Gandhi alitupwa nje ya gari la moshi huko Pietermaritzburg, Afrika ya Kusini, mwezi Juni mwaka 1893, kwa kuwa alikuwa na tikiti ya daraja la kwanza na ngozi isiyokuwa ya daraja la kwanza. Miaka 16 baadaye, katika kitabu chake Hind Swaraj, aliishutumu reli kwamba ilisambaza tauni na njaa na kuukaza mkono wa mtawala. Na bado, aliporudi India, alilitumia gari hilohilo kuifahamu nchi yake, akisafiri katika daraja la tatu kwa hiari. Hakuichukia njia ya kuvuka, aliichukia ngazi.

Hapa petu pia walikuwapo waliokataa kukaa katika behewa walilopangiwa. Manilal Desai alimsaidia Harry Thuku katika miaka ya mwanzo ya 1920, na gazeti lake likachapa maandishi ya Waafrika waliodai haki. Makhan Singh, kijana wa Kisikh kutoka Punjab, mwaka 1935 alikiongoza chama cha wafanyakazi kilichofunguliwa kwa watu wa rangi zote. Mwezi Aprili mwaka 1950, katika ukumbi wa Kaloleni jijini Nairobi, alitaka hadharani uhuru kamili wa Afrika ya Mashariki. Alikamatwa mwezi uliofuata, akawekwa kizuizini zaidi ya miaka 11. Na kule Makindu, kando ya njia ya reli, kuna hekalu la Wasikh lililojengwa mwaka 1926, ambako mpaka leo msafiri yeyote hupewa chakula bila kuulizwa dini, kabila wala nauli. Hapo hapana daraja la kwanza wala la tatu. Watu hukaa safu moja.

Mahekalu yenu nayo ni watoto wa stesheni. Wafanyakazi wa kwanza walikuwa wanaume watupu, na mtu aliye peke yake husali penye picha ndogo iliyotundikwa kwenye nguzo ya hema. Walipokuja wake na watoto, palihitajika mahali pa kufunga ndoa, pa kuwapa watoto majina, pa kusherehekea Diwali, na pa kuwaagia wafu. Jengo la kudumu la ibada ni tamko la kwamba mtu ameacha kuhesabu miezi ya kurudi. Kila tofali la jengo kama hili lilisema: tumefika, na tutakaa.

Lakini kukaa kuna sharti lake. Mwaka 1972, Wahindi wa Uganda walipopewa siku 90 waondoke, baadhi yao walipakiwa katika magari ya moshi kutoka Kampala hadi Mombasa ili wapande meli. Njia ileile iliyowaleta babu iliwaondoa wajukuu. Dhuluma ile haina udhuru. Hata hivyo inatufundisha kwamba daraja la chuma halitoshi. Watu wanaweza kuishi miaka 70 katika njia moja na wasijuane, na siku mbaya ikifika, asiyejulikana hana wa kumtetea.

Mwaka 2017 mambo mawili yalitokea nchini Kenya. Mwezi Mei reli mpya ya kutoka Mombasa hadi Nairobi ilizinduliwa, na safari iliyokuwa ya usiku kucha ikawa ya saa chache. Mwezi Julai serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44 la nchi hiyo. Tangazo la serikali ni jambo jema. Kabila, hata hivyo, halikamilishwi na tangazo. Hukamilishwa na jirani.

Kwa hiyo nina ombi kwenu, na hasa kwa vijana. Kitabu chenu cha kumbukumbu kina picha za wadhamini na wafadhili, na wanastahili. Katika toleo lijalo wekeni pia ukurasa wa wale waliolijenga hekalu hili kwa mikono: fundi, mchanganya saruji, mlinzi, mpishi, Mhindi na Mwafrika, kwa majina yao kamili. Waulizeni wazee wakiwa bado hai, kwa Kigujarati, Kihindi, Kipunjabi na Kiswahili, ni nani aliyekuwa jirani yao karibu na stesheni, ni nani aliyewakopesha na ni nani waliyemkopesha. Nasi tulio nje ya ukuta huu tufanye hivyo upande wetu, kwa kuwa bibi zetu nao wanakumbuka duka, mizani, na mama wa Kihindi aliyempa mtoto kipande cha sukari guru. Habari hizo zikikutanishwa, ndipo tutakapokuwa na historia moja, badala ya mabehewa matatu yanayovutwa na injini moja.

Reli ilijengwa na watu wengi kwa ajili ya faida ya wachache. Kazi ya kizazi hiki ni kuyaimarisha yale madaraja ya kuvukia na kuyabomoa yale ya kubaguana. Hekalu ambalo milango yake imefunguliwa kwetu siku ya leo limekwisha kuianza kazi hiyo.

Nawatakia heri na baraka katika maadhimisho haya na katika miaka mingi ijayo.